Umbali Ndio Unaochafua Mto

Hotuba kwa mkutano wa hadhara wa mtaa, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji wetu, wajumbe wa mashina, wazee, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwenye kivuli: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Ajenda mnaijua. Kuna kiwanja cha wazi upande wa juu wa kijito, na kuna pendekezo la kujenga hapo mtambo mdogo wa kusafisha majitaka na tope la vyooni. Baadhi yenu mmeshasema hamuutaki, na sababu zenu nimeziandika hapa. Mimi ni fundi sanifu, kazi yangu ni mitambo ya aina hii. Sikuja kugombea chochote. Nimekuja kueleza kitu hiki kinafanya nini, kinashindwa nini, halafu nyinyi ndio mtakaoamua.

Tuanze na mto, maana mto wenyewe haukualikwa kwenye mkutano huu.

Msimbazi unatoka vilima vya Pugu. Unashuka Gongo la Mboto, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, unatandaza maji pale Jangwani, kisha unaingia baharini penye daraja la Salenda. Kijito chetu hiki kinaingia humo humo. Kila kinachoangukia hapa jioni, asubuhi kiko kwa wenzetu wa chini, na baadaye kiko baharini wanakooga watoto wa Upanga na wanakovua watu wa pwani. Njiani mto unapita kwenye bustani. Mchicha, matembele, figiri. Ule mchicha mnaonunua fungu asubuhi, baadhi yake umenyweshwa maji ya mto huo kwa ndoo.

Ukimuuliza mtu yeyote wa Dar nani anachafua Msimbazi, atakwambia viwanda. Atakwambia machinjio, gereji, wanaotupa taka. Na ni kweli, wote hao wana fungu lao, sitamtetea mtu. Lakini leo sizungumzii fungu lao. Nazungumzia letu, kwa sababu ndilo tunaloweza kulipigia kura saa hii.

Mji huu una mabomba ya majitaka, lakini yanahudumia sehemu ndogo tu ya wakazi. Katikati ya mji, mabomba ya tangu enzi za mkoloni yanapeleka majitaka baharini. Maeneo mengine yameungwa kwenye mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti na Kurasini. Sisi wengine, yaani wengi wetu, tuna shimo. Mwenye nafasi ana karo la zege, asiye na nafasi ana shimo lililojengewa matofali, au matairi, au mapipa yaliyotobolewa. Huku kwetu maji ya ardhini yako karibu. Ukichimba futi chache tu umeyakuta. Kwa hiyo shimo halijai kwa sababu ya watu tu, linajazwa pia na ardhi yenyewe. Masika ikiingia, shimo lililokuwa limebakiza robo linakuwa limejaa pomoni siku ya pili.

Hapo ndipo watu hufanya nini? Wanatapisha.

(Kicheko.)

Mnacheka kwa sababu mnajua. Mwenye choo anatoboa ukuta wa shimo upande wa mtaro, anapachika kipande cha bomba, anakiziba kwa matambara. Mvua kubwa ikinyesha usiku, matambara yanachomolewa, choo kinatapika, maji ya mvua yanabeba. Asubuhi kila mtu anamlaumu jirani wa juu, na jirani wa juu naye anamlaumu wa juu yake. Maji hayo yanapita mlangoni kwa watu, yanapita pale watoto wanapocheza, yanaingia kwenye visima vifupi, ndipo yanafika kijitoni. Kipindupindu kilichoanza hapa Dar Agosti 2015 kiliishia kusambaa nchi nzima, wakaugua zaidi ya watu 20,000. Sikisemi kuwatisha. Nakisema kwa sababu kipindupindu kinasafiri kwa njia hiyo hiyo, kutoka tumbo la mtu hadi kwenye maji, na kutoka kwenye maji hadi tumbo la mwingine.

Sasa, wasiotapisha wanaita vyura, wale wanaochota mashimo ya vyoo kwa mikono. Naona wawili watatu wako hapa leo, na nawashukuru kwa kuja, kwa sababu bila wao mtaa huu usingekalika. Watu wanawaita kwa jina hilo, wanawalipa usiku, mchana hawawasalimii. Wanaingia shimoni kwa miguu, wanamwaga mafuta ya taa kukata harufu, wanateka kwa ndoo. Na hizo ndoo zinakwenda wapi? Mara nyingi wanachimba shimo la pili hapo hapo uani, wanahamisha, wanafukia. Ua likikosa nafasi, kuna kijito.

Kwa nini wasipeleke Vingunguti kwenye mabwawa, mahali panapokubalika? Nimewauliza watu wa kazi hiyo, na jibu lao ni la mtu mwenye akili timamu. Gari la kunyonya haliingii kwenye vichochoro vyetu. Mpira wake una mwisho. Hata likifika, mwenye choo anatakiwa alipe trip nzima wakati anataka kupunguziwa mapipa manne tu. Na huyu kijana mwenye pampu ya mkono na guta la magurudumu matatu, aliyefunga mapipa yake vizuri, ili afike kwenye mabwawa avuke barabara ya Mandela na foleni yake, alipe mafuta, alipe ushuru wa kumwaga, arudi. Kwa trip mbili siku imekwisha na hela imekwisha. Kijito kiko hatua chache kutoka chooni, hakina foleni wala ushuru.

Ndugu zangu, hili ndilo neno langu la leo, mengine yote ni maelezo yake. Mto huu hauchafuliwi na watu wabaya. Unachafuliwa na umbali. Ukiweka mahali halali pa kumwaga mbali kuliko mto, mto utashinda kila siku. Tumeweka mabango, tumeweka faini, tumeweka migambo. Umbali umebaki pale pale.

Mtambo mdogo wa mtaa unalinda mto kwanza kwa kuwa karibu. Hata kabla sijaeleza vyumba vyake na kokoto zake, umeshafanya nusu ya kazi kwa kukaa mahali guta linapoweza kufika na kurudi mara nyingi kwa siku. Ndiyo maana pale Kigamboni, mtambo wa namna hii uliojengwa kwa ushirikiano na shirika la Kijerumani la BORDA ulipangwa uende sambamba na kikundi cha watu wenye pampu na maguta. Mtambo usio na guta ni bwawa la zege tu.

Sasa niwape hesabu moja, msinichoke.

Maji ya mto yana hewa ndani yake. Samaki anavuta hiyo. Joto letu la Dar, maji yakiwa na nyuzi 30, hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 7.5 hivi za oksijeni kwa lita, hata yawe safi namna gani. Maji ya baridi hubeba zaidi, ya moto hubeba kidogo. Kwa hiyo mito yetu inaanza ikiwa na akiba ndogo kuliko mito ya nchi za baridi. Kinyesi kikiingia, vijidudu vinakila, na vikila vinavuta oksijeni. Wataalamu wanapima hamu hiyo ya oksijeni, wanaiita BOD: wanachukua maji, wanayaweka siku tano kwenye nyuzi 20, wanaona hewa kiasi gani imeliwa. Kanuni zetu za mwaka 2007 za viwango vya ubora wa maji zinataka majitaka yanayoachiwa mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita. Majitaka ya kawaida ya nyumbani yana mamia. Tope la shimo la choo lina maelfu.

Tuchukue tope lenye miligramu 5,000 kwa lita, ambalo si la ajabu kabisa. Pipa moja la lita 200 linadai kilo nzima ya oksijeni. Ili mto ulipe deni hilo, unahitaji kutoa hewa yote iliyomo kwenye lita zaidi ya 130,000 za maji. Hayo ni maboza 13 ya lita 10,000 kila moja, yote yageuke maji yasiyo na hewa hata chembe, kwa ajili ya pipa moja alilomwaga mtu mmoja saa tisa usiku. Mto hujivutia hewa mpya kutoka juu, hasa penye mawe na maporomoko. Kijito chetu hakina maporomoko. Kinatambaa.

Wazee hapa wanakumbuka perege. Perege anahitaji hewa ya majini, ikipungua anakufa au anahama. Kambare anavumilia, kwa sababu ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana utamwona anapanda, anagusa uso wa maji, anashuka. Ukikuta mahali perege amekwisha na kambare bado yupo, mto hapo umeshaanza kukosa pumzi. Na hata kambare ana mwisho wake.

Mtambo wenyewe basi. Nitaueleza kwa mwendo wa tope, tangu guta linapofika.

Kwanza kuna chujio la nondo. Msidharau chujio. Mnajua kinachotoka kwenye mashimo yetu? Pampasi. Taulo za kike. Chupa, suruali, simu, mfuko wa saruji. Mafundi wa kunyonya vyoo hutumia muda mrefu kuvua takataka kwa ndoano kabla pampu haijaanza kunyonya, na huo muda mnaulipia nyinyi. Shimo la choo si jalala. Nitalirudia hili hata mkichoka, kwa sababu pampasi moja inaziba bomba la inchi nne kama halijawahi kuwepo.

Kutoka kwenye chujio, tope linaingia kwenye kuba lililofukiwa ardhini. Humo hakuna hewa. Vijidudu visivyopenda hewa vinakula sehemu ya uchafu na kutoa gesi, biogesi, ambayo mhudumu wa mtambo anaweza kupikia chai yake. Kizito kinazama. Maji yanayobaki juu yanasogea kwenye vyumba vilivyopangwa mfululizo, yanashuka na kupanda, yanashuka na kupanda, kila mara yakilazimishwa kupita katikati ya tope lililojaa vijidudu vyenye njaa. Hakuna mota hapo, hakuna umeme. Ni mteremko tu. Umeme ukikatika, mtambo haujui.

Baada ya vyumba, maji yanapita kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Maji yanakwenda chini ya kokoto, hayaonekani juu, na hapo nawajibu waliouliza kuhusu mbu. Mbu hawezi kutaga kwenye maji asiyoyafikia. Mbu wa majitaka, yule anayeeneza matende na mabusha katika ukanda huu wa pwani, anazaliana kwenye mashimo yaliyojaa na makaro yaliyopasuka, yale tunayoishi nayo sasa hivi. Kwa hiyo anayekataa mtambo kwa kuogopa busha, namheshimu, lakini ageuke aangalie nyuma ya nyumba yake kwanza.

(Kicheko.)

Lakini ninapotaka mnisikilize zaidi ni kwenye tope lililozama. Wageni wakija kutazama mtambo huwa wanakimbilia mwisho, kwenye bomba la kutokea. Wanakinga maji kwenye glasi, wanayainua juani, wanasema, ah, yametakata. Mimi huwa nawarudisha nyuma, kwenye vitanda vya kukaushia. Ukitaka kujua kama tui limechujwa, tazama machicha kwenye kifumbu. Mtambo ambao kwa mwaka mzima hautoi tope la kukausha, hata maji yake yang'ae vipi, ujue tope limekwenda mahali, na mahali penyewe mnapajua.

Tope hilo linamwagwa kwenye vitanda vya mchanga, maji yanachuja chini na kurudi kwenye mtambo, jua linafanya kazi yake. Linakauka, linapasuka, linakatwa kwa jembe. Likiwa limekauka bado si mbolea. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu kuna watu wataambiwa vingine. Mayai ya minyoo, hasa minyoo ya matumbo, ni magumu mno. Yanaweza kukaa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kwenye udongo yakisubiri mtu. Ili yafe, tope lichanganywe na taka za sokoni au majani, lirundikwe, lipate joto la zaidi ya nyuzi 50, lipinduliwe, na joto hilo lidumu kwa wiki. Anayeharakisha anauza minyoo kwenye kiroba.

Na yale maji yaliyotakata je? Yametakata, lakini si safi. Vyumba na kokoto vinaondoa sehemu kubwa ya ule uchafu unaokula hewa ya mto. Haviondoi vimelea vyote. Na chumvi za rutuba, naitrojeni na fosforasi, nyingi zinapita tu. Kwa hiyo maji hayo yanafaa kwa migomba na miti ya kivuli. Hayafai kumwagiwa mchicha, na mtoto asiyaoge. Mtu akija na chupa ya maji ya mtambo na kuyanywa mbele yenu ili mshawishike, mfukuzeni.

Nimesema nimeandika sababu zenu. Nizijibu haraka, maana nyingine zina uzito na nyingine hazina.

Harufu. Itakuwepo. Siku ya kumwaga na siku ya kufungua vitanda kuna harufu, na anayekwambia hakuna hajawahi kufanya kazi hii. Tukipanda miti kuzunguka, tukifunika pale pa kumwagia, na mhudumu akifanya kazi yake, harufu inabaki ndani ya uzio siku nyingi. Mhudumu asipolipwa miezi mitatu, harufu itawafikia sebuleni. Kwa hiyo swali la harufu ni swali la mshahara.

Bei ya viwanja. Hili sina jibu lake na silitafutii jibu. Naona tu kwamba viwanja vya kando ya kijito bei yake imeshashuka, na mtambo bado haujajengwa.

Kuna aliyesema tuungwe kwenye mabomba kama wenzetu wa Vingunguti, mitaa ya Kombo na Mtakuja, ambako wakazi wamejiunga kwa mabomba membamba yanayopita vichochoroni mpaka kwenye mabwawa. Huyu ana akili. Pale mtaa unapopakana na mabwawa, bomba ni bora kuliko guta, na ningekuwa mkazi wa kule ningechagua bomba. Sisi hatupakani na bwawa lolote. Nyumba chache zilizo juu ya kiwanja zinaweza kuja kuunganishwa moja kwa moja kwenye mtambo kwa mabomba hayo membamba, kwa mteremko, na nashauri jambo hilo liingie kwenye michoro tangu mwanzo. Nyumba za chini zitabaki na guta.

Mwingine ameuliza, mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi si umeshaanza, watu wa Jangwani si wamelipwa fidia, sasa mtambo wa nini? Ule mradi unashughulika na mafuriko, na ni jambo jema. Lakini ukichimba mto ukawa mpana na mzuri, kisha mitaa ya juu ikaendelea kutapisha, utakuwa na mto mpana wa kinyesi.

Sasa kuna sababu moja ambayo hamkuiandika nyinyi, naiandika mimi, kwa sababu ndiyo ingenifanya mimi nikatae mtambo huu.

Mahali pa kiwanja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mtambo wa kulinda mto hauwezi kuanza kwa kuvunja sheria ya kulinda mto. Lakini hata sheria isingekuwepo, kuna Desemba 2011. Wazee mnakumbuka maji yalifika wapi. Wengine mnazo alama ukutani. Mtambo ukijengwa chini ya alama hiyo, mafuriko yakija yatabeba kuba, vitanda, na tope mlilolikusanya miezi yote, na kulipeleka mtoni kwa usiku mmoja. Itakuwa ni kutapisha mtaa mzima kwa mkupuo. Hapo ni heri msijenge.

Ninaomba basi, kabla hamjanyoosha mikono, kamati ya watu watano, wawili wawe wazee waliokuwepo 2011, waende na mafundi wa kupima ardhi. Wapime mita 60 kwa futi kamba, si kwa macho. Waonyeshe alama ya maji. Kama kiwanja kiko nje ya vyote viwili, tuendelee. Kama hakiko, mniite tena tutafute kingine, na mtu yeyote, hata awe mkubwa vipi, asiwaambie kwamba muda umekwisha.

Vibali navyo vina mpangilio wake. Mazingira yanapitia kwa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, tathmini ifanyike, na mna haki ya kuisoma na kuisemea. Kutiririsha maji mtoni kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, na kibali hicho kinakuja na masharti ya kupima. DAWASA lazima wajue na wakubali, kwa kuwa majitaka ya mji huu ni jukumu lao. Matokeo ya vipimo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili, na kile kiwango cha 30 kikiwa kimeandikwa pembeni ili kila mtu alinganishe mwenyewe. Mwezi tukizidisha, mtatuuliza.

Kuhusu fedha. Mitambo midogo mjini hapa haifi kwa kukosa zege. Inafadhiliwa, inazinduliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, kisha wafadhili wanakwenda zao na hakuna aliyepanga nani atanunua glovu. Kila trip ya guta ilipiwe, na sehemu ya malipo hayo iende kwenye mtambo kabla haijaenda popote. Ushuru wa kumwaga uwe mdogo. Hapa nawaomba wajumbe wa fedha wanielewe, kwa sababu najua mtaona ni chanzo cha mapato. Si chanzo cha mapato. Siku mtakayopandisha ushuru ukazidi usumbufu wa kushuka kijitoni na ndoo, mtakuwa mmeurudisha umbali ule ule tuliouondoa, safari hii kwa shilingi badala ya kilomita.

Na hawa ndugu zetu vyura wasajiliwe, wapewe pampu, buti, glovu, chanjo, na risiti. Waache kuingia shimoni kwa miguu. Wafanye kazi mchana. Mtu anayefanya kazi mchana, mwenye jina na namba mgongoni, si rahisi amwage mtoni, maana kila mtu anamjua. Wenye nyumba nao wana lao: atakayekutwa na bomba lenye matambara baada ya mtambo kuanza hana tena kisingizio cha gari kutoingia.

Wenye gereji mlioko barabarani, mafuta machafu na maji ya betri yasiletwe kabisa. Vile vijidudu nilivyovisifu vinakufa kwa lita chache tu, na kuvirudisha ni kazi ya wiki nyingi, na wiki zote hizo mtambo utakuwa unapitisha uchafu kama ulivyoingia. Gerejini wekeni pipa lenu.

Mtambo mmoja hautausafisha Msimbazi. Hautagusa maji ya rangi yanayotoka kwenye viwanda, wala mifuko na chupa zinazoelea, wala mitaa mingine iliyo juu yetu. Mtu akiniuliza kama baada ya mwaka perege watarudi Salenda, nitamwambia hapana. Ninachoweza kuahidi ni kidogo na kinapimika: mapipa yanayoishia kijitoni kutoka mtaa huu yatakuwa machache, na yale ambayo hayakufika kijitoni mtayaona kwa macho yenu, yamekauka kwenye vitanda, yanahesabika kwa toroli.

Mwenyekiti, majina ya kamati ya kupima kiwanja nashauri yatajwe sasa hivi kabla watu hawajatawanyika. Na kuna ndugu mmoja kati ya hawa wafanyakazi wa vyoo aliyeniambia ana jambo la kusema kuhusu bei. Naomba apewe kipaza sauti yeye kwanza, kabla ya maswali.